Uzi Usioingia Kwenye Filamu

Jumapili, 3 Desemba

Gleb amezikataa kadi zangu. Sanduku zima!

Nimetoka chumba cha mawasiliano bila kuaga. Nikapita dukani kununua mkate, nikanunua kiberiti, mkate nikausahau. Sasa nakunywa chai kavu na hasira.

Miaka kumi na minne nafanya kazi hii. Nachanganya rangi, napaka kadi, kila kadi naipa namba, mwanaanga anakwenda nazo kituoni. Kule juu anaishika kadi dirishani, anailinganisha na alfajiri, halafu ananiambia kwa redio: kumi na moja ni yenyewe, kumi na mbili punguza weupe, kumi na tatu tupa. Hivyo ndivyo ninavyochora mahali ambapo sijafika wala sitafika. Kwa macho ya kuazima. Wamenisahihisha majenerali, wamenisahihisha wahandisi, hata yule rubani aliyekuwa hajui tofauti ya waridi na wekundu. Lakini sanduku zima? Hajatokea mtu.

Sauti ya Gleb kutoka kituoni ilikuwa inakatikakatika. Kasema, dada Rimma, safari hii umemwaga wino, buluu zako zinapiga kelele. Nikamwuliza dirisha si chafu? Kasema amelifuta kwa shati lake. Nikamwuliza ameanza lini kuziona hivyo? Kimya. Halafu kituo kikazama upande wa pili wa dunia, mazungumzo yakaisha.

Kimya cha nini? Gleb si mtu wa kunyamaza. Huyu ndiye aliyenisema mbele ya watu kwamba hata akiniletea alfajiri kwenye kopo nitalalamika kopo lina kutu.

Kanali Tarasyuk, mkuu wetu, alikuwa nyuma yangu na visikilizi masikioni, kasikia yote. Kaniambia pazia litafunguliwa tarehe kumi na mbili Aprili, rangi zikubali zisikubali. Ukuta wa Nyumba ya Utamaduni: mita tisa kwa tatu, alfajiri kama inavyoonekana kutoka kituoni. Sijawahi kupewa kazi kubwa hivi. Na kwa umri wangu sitapewa nyingine.

Ni dirisha tu. Vioo vyao vina kasoro. Basi.

Jumanne, 5 Desemba

Nonna kapanda jioni na jemu ya plamu. Anakaa chini yangu, ghorofa ya tatu. Ni mke wa Gleb na ni shoga yangu, na sijui kipi kilianza.

Kaja kulia kidogo, nikamwacha alie. Jumapili familia hupewa dakika zao za kuongea na kituo. Ukumbi mzima unasikiliza, vijana wa redio wote wamevaa visikilizi. Basi anamwuliza mumewe umekula? Nimekula. Umelala? Nimelala. Kama vile kaenda kikao Moscow atarudi na basi la saa kumi na mbili. Kasema anatamani kumwambia neno moja tu la mke na mume, na mdomo unagoma. "Nitasemaje nimekukumbuka, shoga, mbele ya Tarasyuk?"

Nikamwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Kwamba namwonea wivu mumewe. Kacheka mpaka jemu ikamwagika.

Lakini ni kweli. Kuna kitu kule juu. Kabla jua halijachomoza, dunia ina ukanda wa buluu, na juu yake weusi. Baina ya hivyo viwili kuna uzi. Mwembamba, unakaa kidogo, unatoweka. Wote wameuona, hakuna anayeweza kuusema. Mmoja kaniambia ni kama ndani ya kombe la chaza. Mwingine kasema kama jeraha la siku ya tatu. Mwingine, mtu mzima na nyota zake begani, akaomba nisimwulize tena. Kamera haiuoni. Kwenye filamu hutokea buluu tupu, kama ukingo wa sahani. Nimejaribu kuuchora tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na kila mara nimechora uongo.

Natamani kuuona mara moja. Mara moja tu, jamani, kwa macho haya yangu! Nisichore kitu kingine tena maisha yangu yote.

Nonna aliacha kucheka. Akanipangusia meza.

Alhamisi, 21 Desemba

Baridi ya kukata masikio. Balbu za siku hizi ni takataka – nimebadilisha tatu na chumba bado kina unjano.

Nimepewa dakika nne za kuongea na Gleb. Nimemwuliza kuhusu uzi. Kasema hakuna kadi, dada Rimma. Ya zamani wala mpya. Humo sandukuni haumo. Nikamwambia nisaidie basi kwa maneno. Kahangaika, masikini, nilikuwa nasikia pumzi yake. Kasema: "Ni kama unaitwa na mtu unayemjua." Mhandisi wa injini huyo!

Halafu kasema wale wageni waliokwenda kuwatembelea wakishuka mwezi ujao wataniletea kitu. Nikamwuliza kitu gani. Kasema nitakiona.

Jumatano, 10 Januari

Nimekiona. Yaani sijakiona. Hilo ndilo tatizo.

Wageni wameshuka juzi, leo nimeletewa bahasha. Ndani kadi mbili zimefungwa kwa mpira. Zote namba kumi na saba. Moja ni ya sanduku la mwaka huu. Nyingine ya sanduku la zamani, lililoachwa kituoni na wenzake waliotangulia. Hakuna hata neno moja lililoandikwa.

Nikaziweka mezani chini ya taa. Zinafanana! Pacha! Nikaruka. Kama zinafanana, basi mimi sijakosea, rangi ni ileile, ni kioo chao kilichochakaa. Nikateremka ngazi na kofia ya nyumbani, nikamgongea Nonna, nikamwonyesha kama mtoto aliyeokota kitu.

Nonna kaangalia kadi. Kaniangalia mimi.

"Shoga, unanitania?"

Nikamwambia sitanii. Kasema hii ya zamani ni kijivu chenye buluu ndani yake, nzuri, imetulia. Na hii nyingine ni zambarau. Zambarau kabisa, kama wino wa mihuri ya ofisini.

Nikamwambia azichanganye nyuma ya mgongo, anitolee moja moja. Mara ya kwanza nimekosa. Mara ya pili nimepata, kwa kubahatisha. Mara ya tatu Nonna aligoma kuendelea. Akaziweka kwenye mfuko wa aproni na kunishika mikono.

Kumbe. Kiwanda cha rangi kilibadilisha mchanganyiko wake, nikalazimika kuchanganya upya kwa jicho, huku kadi za zamani ziko mbele yangu. Niliongeza buluu, bado hafifu. Nikaongeza, bado hafifu. Mpaka zikafanana – kwangu mimi. Balbu hazina kosa. Kioo cha kituo hakina kosa.

Na Gleb alijua tangu siku ile. Akanyamaza kwa sababu Tarasyuk alikuwa anasikiliza. Kaniletea kadi mbili kimya kimya, ili nijue mimi kwanza kabla ya dunia nzima. Nimemlilia Nonna begani kama mjinga.

Ijumaa, 12 Januari

Mtoto wa jicho. Macho yote mawili.

Daktari ni mwanamke mwenye vidole baridi, harembi maneno. Kasema ugonjwa umekua polepole, ndiyo maana sikuhisi. Kasema ni kama kutazama kupitia glasi ya chai: kwanza chai nyepesi, halafu nzito. Rangi zinazokufa mwanzo ni buluu na zambarau. Yaani katika rangi zote za Mungu, hizohizo!

Wanapasua, wanatoa kile kioo cha ndani ya jicho, unapewa miwani minene kama kitako cha chupa. Jicho moja kwanza, la pili baada ya nusu mwaka. Kuna nafasi mwezi wa pili. Nikasema hapana, nina ukuta. Kasema ukuta hautakimbia. Hajui ukuta wangu.

Tarasyuk akisikia nimekwisha. Ukuta atampa Vadim. Vadim ni mchoraji wa Moscow, ana miaka thelathini hivi, ana adabu, ananiita mama, sina ugomvi naye hata kidogo. Ila anachora kutoka kwenye picha za kamera. Na kwenye kamera uzi haumo.

Nonna kasikiliza yote huku anamenya viazi. Halafu kasema yeye ana macho mawili mazima na jioni zote hana la kufanya ila kumsubiri mume. "Chukua haya."

Jumamosi, 27 Januari

Mgongo umekufa. Lakini lazima niandike, siku kama hii haiji mara mbili.

Tumekuwa ukutani kila jioni tangu wiki iliyopita. Tarasyuk anadhani Nonna ananisaidia kuosha brashi. Pacha wa sanduku la zamani ninaye kabatini, kwa hiyo kazi ni hii: mimi nachanganya, Nonna anashika kadi kwenye ukuta na kuniambia kama zimekubaliana. Rahisi kusema! Nonna hajui majina ya rangi. Nonna anajua chakula.

Nikipaka, anasema hapana, hayo ni maji ya bitiruti ya pili, unataka ya kwanza. Naongeza. Anasema sasa umeunguza. Hii hapa ni ganda la plamu kabla hujalifuta ule unga wake. Hii ni maziwa yaliyoanza kuchacha. Hii, shoga, ni uji wa hospitali, itoe. Mimi najibu kwa hasira, yeye anarudisha, ukumbi mtupu unavuma. Mara moja kaniambia nimepaka rangi ya soksi za mama mkwe wake, nikamrushia kitambaa. Sijacheka hivyo miaka.

Ajabu ni kwamba inakwenda. Sioni ninachofanya, na inakwenda. Mkono unakumbuka. Leo tumemaliza ukanda wote wa chini, kuanzia weusi wa dunia iliyolala, mpaka wekundu, mpaka chungwa, mpaka buluu. Nonna akashuka jukwaani kwenda kuangalia kwa mbali. Akakawia. Nikamwita, hakujibu. Nikageuka: kasimama katikati ya ukumbi, koti mkononi.

"Hii ndiyo anayoamka nayo?" kaniuliza.

Nikasema ndiyo. Mara kumi na sita kwa siku.

Kasema basi ndiyo maana. Nikamwuliza ndiyo maana nini. Kasema Jumapili iliyopita alimwuliza Gleb kama anataka kurudi, kwa utani tu, na Gleb alichelewa kujibu. Alidhani ni mitambo. Sasa anaona si mitambo. Alivaa koti, akafunga vifungo vyote, halafu akavifungua tena akapanda kunioshea brashi. Ningemwambia nini, mimi ambaye ningekuwa kule nisingetamani kurudi?

Jumatatu, 5 Februari

Ukuta umekwisha wote isipokuwa uzi. Upana wa kidole, urefu wa mita tisa, nimeuacha chokaa tupu.

Hapo Nonna hawezi kunisaidia. Kadi ya kulinganishia haipo. Hajauona, nami sijauona, na aliyeuona anasema ni kama kuitwa na mtu. Siwezi kuupata kwa mdomo wa mwingine. Nahitaji jicho langu. Hata moja.

Nimekwenda kwa Tarasyuk mwenyewe, nimemwambia yote. Nilidhani atafoka. Kavua miwani, kasema mama yake alikuwa na ugonjwa huohuo na alikuwa anamtambua kwa kikohozi. Halafu akarudi kuwa kanali. Ukuta nimeuchora vizuri, kasema, hakuna atakayeuliza macho ya nani. Lakini nisiporudi ifikapo tarehe moja Aprili, Vadim atafunga kazi.

"Ni upana wa kidole, Rimma Arkadyevna. Nani atauona?"

Nikamwambia mimi.

Kesho hospitali. Nonna kanifungia mkate na mayai kama nakwenda Siberia, kisha tukakaa kimya juu ya masanduku, kama desturi, safari isiharibike. Naogopa. Wakikosea nitabaki na jicho la njano peke yake, na hilo nalo halitadumu.

Alhamisi, 22 Februari

Naandika kwa kupapasa. Daktari amekataza. Macho yote yamefungwa, eti lisilopasuliwa nalo lipumzike.

Ndani ya giza naona rangi usiku na mchana. Nzuri sana. Sina pa kuziweka.

Nonna hajaja wiki hii. Gleb anakaribia kushuka. Haya.

Jumamosi, 3 Machi

Wamefungua!

Herufi kubwa kama za darasa la kwanza, na iwe hivyo. Daktari kafungua bandeji ya jicho la kulia, kanivalisha ile miwani ya chupa, kanigeuza dirishani. Theluji uani. Na theluji, jamani, ni buluu! Si buluu ya kusemwa. Vivuli vya miti vimelala juu yake, na pembeni ya kila kivuli, pale kinapokutana na mwanga, kuna kitu chembamba. Hakina jina. Si zambarau, kiko ng'ambo ya zambarau. Nikapiga ukelele, mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani nimeumia.

Nikamwuliza, mama, unaona nini pale pembeni ya kivuli? Katazama, muungwana, kwa nia njema. Kasema theluji. Nyeupe.

Daktari hakushangaa. Kasema kile kioo cha jicho, hata kikiwa kizima, huzuia mwanga fulani usipite. Wakikitoa, wapo wanaoona zaidi ya watu wengine. Nitazoea.

Sitaki kuzoea! Nimekaa kutwa nzima nafunika jicho hili, nafunika lile. La kushoto: njano, chai. La kulia: kile kitu. La kushoto, la kulia. Nesi kanigombeza.

Ndicho wanachokiona wao? Sijui. Sikuwepo. Au ni jicho lililokatwa linaniongopea? Kuna mtu mmoja tu wa kumwuliza na yuko juu ya kichwa changu, anapita kila saa moja na nusu.

Jumanne, 20 Machi

Gleb ameshuka wiki iliyopita. Salama.

Nonna kaja kunipa habari, hakuweza kukaa kwenye kiti, anazunguka wodi nzima anagawa pipi. Walimtoa kwenye chombo wakamweka kwenye kiti nyikani. Kaomba tufaha, akashindwa kulishika, likamwangukia miguuni. Alikuwa amezoea kuliachia hewani lingoje! Nonna anasimulia huku anacheka na kulia, nami vilevile.

Lakini alipoondoka nilijifunika shuka kichwani. Macho yangu ya kuazima yameshuka. Kituo kitupu. Na nawajua hawa watu vizuri kuliko wake zao: wiki ya kwanza wanaongea kama wamelewa, mwezi wa pili rangi zimewatoka, ukiuliza wanakupa yale yaliyoandikwa gazetini. Ardhi inawafuta. Nilitaka kukimbia leo hii hii. Daktari kasema jicho limevimba kidogo, siendi popote hadi mwezi wa nne. Gleb naye kafungiwa na madaktari wake.

Nimemwomba Nonna amwulize kuhusu uzi, upesi, kabla haujamtoka. Nonna kakunja uso. Kasema yupo, lakini hayupo, shoga. Akienda kumwona kwa madaktari, anamkuta kasimama dirishani na sahani mkononi. Hataki kumwuliza juu ya kule, anataka kumwuliza habari za bomba la jikoni.

Sikusisitiza. Nilitaka kusisitiza.

Jumatatu, 9 Aprili

Nimetoka jana. Leo asubuhi moja kwa moja ukutani, na koti, na begi la hospitali.

Vadim amepaka uzi.

Buluu. Safi, umenyooka kama kwa rula, kama ulivyo kwenye picha. Alikuwa anakusanya vitu vyake, akawa mwekundu mpaka shingoni. Kasema, mama, tarehe moja ilipita, niliagizwa. Najua aliagizwa. Nikampa mkono, akaenda kupanda treni yake. Halafu nikakaa sakafuni.

Nikaufunika kwa kidole, kwa mbali, jicho la kulia. Ukuta wote unapumua – mimi na Nonna tulifanya kazi, loh, hata sikujua! – na pale katikati pamekufa. Kama mtu mzuri mwenye jino la bati.

Tarasyuk kasema imekwisha. Nikasema si sawa. Kasema nani anasema? Mimi. Kasema kwa heshima zote, Rimma Arkadyevna, wewe hujafika. Kweli sijafika! Nikamwambia yupo aliyefika. Akafikiri, akagongagonga kofia kwenye goti. Kasema Gleb Ilyich akisema si sahihi, atanipa mpaka kesho kutwa asubuhi, zulia litakapotandikwa.

Jioni nikateremka kwa Nonna. Nimemkuta anaimba! Gleb kalala chumbani. Kasema wiki hii kaanza kula. Juzi kacheka, mara ya kwanza, paka wa jirani alipoanguka kwenye ndoo. Jana katengeneza bomba. Hasimami tena dirishani. Kaniambia kwa sauti ya chini, kama siri ya mimba, "Amerudi sasa."

Na mimi nimekuja kumwomba nini? Nimemwomba. Aliacha kuimba, akasema kesho watapita, wakienda matembezi ya daktari. Amenikatia keki. Nimeiacha nusu sahanini.

Jumanne, 10 Aprili

Naandika juu ya jukwaa, nimekalia ubao.

Walikuja saa nne. Gleb amekonda, anatembea kama mtu anayevuka mto, Nonna kamshika kiwiko. Kanibusu mara tatu, kaniambia miwani imenifanya bundi. Tarasyuk alikuwepo. Gleb akatazama ukuta. Muda mrefu. Chini mpaka juu, kisha akasimama pale pa Vadim.

"Si huu," kasema.

Tarasyuk akauliza basi ukoje.

"Sikumbuki, Ndugu Kanali. Nilikuwa nauona kila siku nikasema huu sitausahau mpaka kufa. Wiki iliyopita nimeamka haupo. Lakini si huu."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayeeleza kuwa hajui funguo ziko wapi. Mimi ndiye niliyeumia. Tarasyuk katutazama sisi wote watatu, kavaa kofia, kasema kesho asubuhi, akatoka.

Nikaukwangua wa Vadim. Nonna kasema waende sasa, supu iko jikoni. Gleb kasema wakae kidogo. Akaniuliza hospitalini niliona nini, maana Nonna alimdokeza kuhusu theluji. Miaka kumi na minne mimi ndiye niulizaye! Nikajaribu kumweleza ile pembe ya kivuli. Maneno yakanikimbia yote. Nikamwambia ngoja nikuonyeshe.

Nimefunga jicho la kushoto kwa skafu. Nimechanganya kwa lile la kulia peke yake, rangi ya fedha kidogo, zambarau, nyeupe ya zinki, na vitu viwili ambavyo sitaviandika hata humu. Nimepaka kipande cha kwanza, mkono mmoja urefu. Gleb kasema bado. Nikafuta. Cha pili, bado, lakini kasogea hatua moja. Cha tatu hakusema kitu.

Nikavuta brashi. Nikaendelea kuvuta, mita tatu, mita tano, nimeshika pumzi. Kwa jicho la kulia, mama wee, upo. Unasimama mbele ya ukuta, haujalala juu yake. Nikauliza, Gleb, ndio? Sikungoja jibu, nikafika mwisho, mita ya tisa, nikageuka.

Gleb kavua kofia. Kasimama wima, bila kushikwa, na uso wake sijawahi kuuona, wala siusemi. Nonna kaita jina lake. Kaita tena. Kamwambia supu. Kamshika mkono, mkono ukabaki mkononi mwake kama glavu, yeye mwenyewe hayumo. Machozi yanamtoka na hayafuti. Ameukumbuka. Ni wenyewe, basi. Ni wenyewe! Nimeuona!

Nimeuona, na sikuweza kufurahi hata dakika moja.

Maana Nonna amepanda ngazi. Yeye anaona mstari wa kijivu tu, kaniambia, kijivu cha kawaida. Amesimama ngazi ya tatu, kashika ubao kwa mikono yote miwili, usawa wa magoti yangu.

"Futa, shoga. Nakuomba. Rangi bado mbichi."

Nimechukua daftari hili ili nisimtazame. Hashuki. Kule chini Gleb hajasogea, na koti limemwanguka begani hajalihisi. Rangi ya ukutani hukauka kwa saa moja hivi, kabla ya hapo kitambaa chenye maji kinatosha. Kitambaa ninacho mapajani, Nonna ndiye aliyenikamulia asubuhi.